Maneno Kumi na Mawili ya Athanasie

— Usikate. Ni Kasoki, dada yake Kasika.

Athanasie alisimama juu ya kilima cha Muheto, huko Masisi, simu ameibana sikioni. Siku kumi na saba alikuwa akipanda pale kila asubuhi kumpigia mchumba wake Kasika, na siku kumi na saba simu iliita mpaka ikajikatia. Moyoni alishamwona mwanamke mwingine, akampa hata sura. Leo mwanamke amepokea kweli, lakini ni dada mtu.

— Kaka iko mu kitanda. Juzi gari ilipinduka. Muguu imevunjika mara mbili.

Kasoki akaeleza mengine kwa haraka. Kidonda kilikuwa kimeanza kunuka. Hospitali ya Walikale ilikubali kumpasua, ila ilitaka malipo kwanza, na akiba yote ya Kasika ilikuwa kwenye banki moja ya Goma iliyofunga milango tangu vita ilipoingia mjini. Mawakala wa pesa za simu pale Mpofi, alikoishi Kasika, nao walikuwa wamekaukiwa na noti, maana noti walikuwa wakizifuata hukohuko banki.

Athanasie aliuliza jambo moja tu.

— Mbele ya hii ajali, siku zile zote, juu ya nini alininyamazia?

Kasoki alishusha sauti.

— Alisikia haya. Ulimuambia asiweke yote mu banki, akakucheka. Ile siku banki ilifunga, alikosa uso wa kukuonyesha.

Na kweli alimcheka. Kasika alikuwa Mnande wa Butembo, muuza vitenge pale Mpofi, mtu aliyeamini risiti, muhuri na mlinzi mwenye bunduki. Athanasie, binti wa wakulima, alikuwa akiuza jibini na maharagwe, na mnunuzi wake wa Kampala alimlipa kwa kripto, yaani dola zinazokaa ndani ya simu na kuvuka mpaka kwa dakika chache bila kupita ofisi yoyote. Kasika alisema pesa isiyo na mlango haina pa kulala. Kasoki naye akatangaza sokoni kwamba yule msichana wa Masisi anapenda mfuko wa kaka yake. Maneno hayo yalimfikia Athanasie, akayameza.

Sasa alikuwa na dola elfu moja mia moja na thelathini, akiba ya kununua shamba. Kuzituma ndiyo ilikuwa shida. Tangu mapigano yaharibu mnara, intaneti ilikuwa imekufa Muheto. Sauti na ujumbe mfupi peke yake ndivyo vilipita, na pale kilimani tu. Lakini Mpofi kulikuwa na Papa Damien, muuza vipuri vya pikipiki. Dukani alikuwa na intaneti ya satelaiti na noti nyingi asizothubutu kuzipitisha kwenye bariere, vizuizi vya barabarani vya wenye silaha. Mali yake aliinunua Kampala, kwa hiyo dola za ndani ya simu alizihitaji kuliko noti.

Ilibaki njia moja: mtu aliye Mpofi aufungue mfuko wa kripto wa Athanasie kwenye simu yake mwenyewe, kwa maneno kumi na mawili ya siri yaliyo ufunguo wake. Ayajuaye anashika kila kitu. Akiiba, hakuna mkurugenzi wa kumlalamikia.

Mtu huyo alikuwa Kasoki.

— Uko na kalamu?

— Niko nayo. Lakini Athanasie, unajua nilisema nini juu yako.

— Najua. Andika.

Akayataja polepole, herufi kwa herufi, kwa Kifaransa kama alivyopewa siku alipoufungua mfuko. Kwenye neno la tisa rezo ya simu ikakatika. Alizunguka kilima kizima ameinua simu juu, akaipata tena karibu na kisiki, wakamaliza. Kasoki hakushukuru. Alikata tu.

Siku ile Athanasie hakula, wala hakumwambia baba yake. Asubuhi alipofika kilimani, ujumbe ukaingia.

"Nilibadilisha 450 kwa Papa Damien, na malipo yake ya kazi iko ndani. Dakika tano tu. Kaka anapasuliwa leo. Yako imebaki 680. Karatasi nimeichoma."

Alikaa chini kwenye majani yenye umande, akalia.

Baada ya juma moja Kasika alipiga mwenyewe.

— Athanasie, nilikunyamazia.

— Ndiyo.

— Niliogopa utanicheka vile nilikucheka.

— Ningekucheka kidogo, kisha tungetafuta njia.

Akamsikia akicheka na kuguna kwa maumivu. Kasika alisema banki yenye kuta na walinzi haikuweza kumletea hata kidonge kimoja, na ile pesa isiyo na mlango ilipita bariere zote bila mtu kuigusa. Athanasie alifurahi, lakini hakumdanganya. Alimwambia kwamba bila noti za Papa Damien ingebaki tarakimu kwenye kioo cha simu, na bila dada yake isingebaki hata hiyo.

Miezi mitatu baadaye njia ilitulia kidogo, na ujumbe wa posa kutoka kwa kina Kasika ukafika Muheto kwa pikipiki nne, umejaa vumbi. Papa Mbonigaba, baba yake Athanasie, aliwakaribisha. Kabla wazee hawajafungua kinywa, Kasoki aliomba kusema.

— Papa, nilisema mutoto wenu anapenda mufuko wa kaka yangu. Yeye alijua, na bado aliniachia mufuko wake muzima mu mukono. Wazee wataongea mambo ya ngombe. Mimi nimekuja kuomba musamaha kwanza, ndipo tuombe muke.

Papa Mbonigaba aliuliza ni mfuko gani. Lolote kati ya hayo hakuwahi kuambiwa. Desturi ilimtaka Athanasie angoje jikoni mpaka aitwe. Hakungoja. Alitoka na unga mikononi, akamkumbatia Kasoki mbele ya wazee wote, na Kasika, aliyekuwa ameegemea gongo lake pale mlangoni, ikabidi asubiri zamu yake.