Ndege Iliyokosa Ardhi

“Mguu mmoja umetoka! Wa pili umekwama katikati!”

Umuro aliyasema hayo kwenye simu kwa sauti ya kuitia ng'ombe, kidole kimoja kimeziba sikio, akiwa amesimama katikati ya soko la maziwa ya ngamia. Isiolo ilikuwa imeshachemka asubuhi ile. Akina mama walimimina maziwa kutoka madumu ya manjano, wateja walisukumana, na lori la Moyale lilipiga honi ng'ambo ya barabara kama lenye kesi na mtu.

“Usivute! Waqo, usivute kitu! Uache mguu hivyo hivyo, nakuja.”

Soko likageuka. Mama Abiba, muuza maziwa ambaye hakuna jambo la Isiolo linalompita, aliweka kikombe chini na kushika kifua. “Ya Rabbi! Mtoto ametanguliza miguu!”

Kabla Umuro hajajibu, mwanamke kijana alijipenyeza hadi mbele yake, funguo za gari mkononi. “Walaal, ndugu yangu, gari yangu iko hapo nje. Mama yuko wapi?”

“Mama gani?”

“Anayejifungua! Tutabishana hapa mpaka afe?”

Umuro akamtazama. Alivaa hijabu ya rangi ya zafarani na ovaroli ya bluu iliyovaliwa juu ya gauni refu. Mikono yake ilikuwa na hina, na juu ya hina kulikuwa na grisi.

“Dada, samahani. Hakuna mtu anajifungua. Ni ndege.”

“Ndege gani anakwama mguu? Kuku?”

“Ndege ya kuruka na watu. Naiunda mwenyewe pale kando ya uwanja wa ndege. Miguu yake ni magurudumu, yanajikunja kwa stima ya betri. Sasa yamegoma.”

Soko zima likaangua kicheko. Yule dada alicheka mwisho, lakini alipoanza hakuweza kuacha, akajifuta machozi kwa ncha ya hijabu.

“Stima?” alisema. “Basi umepata daktari. Naitwa Lul. Pampu za visima mpaka Sericho ni mimi, na magari yote unayoona yanawaka taa mjini hapa, nusu yake ni mimi. Twende nimwone mgonjwa.” Kisha akamtazama shingoni. “Lakini wewe fundi gani unapaka rangi mpaka kola?”

Kweli, shati lake jeupe lilikuwa na doa jekundu kwenye kola. Umuro alilificha kwa kiganja na kutabasamu kama mtoto.

Ndege ilikuwa ndani ya kibanda cha mabati, imeinuliwa juu ya stendi ili miguu ining'inie. Fremu yake ya vyuma ilikuwa nyekundu, inang'aa, imepakwa rangi mara mbili kila mahali. Umuro alikuwa amefanya kazi miaka mingi akitengeneza ndege za watu wengine Nairobi, kisha akarudi nyumbani kuunda yake. Alikuwa akingojea mkaguzi wa ndege aje kuitazama. Miguu isipotoka mbele ya mkaguzi, hakuna kibali, na ndege ingebaki kuwa banda la kuku lenye mabawa.

Lul alifungua mkoba wa vifaa. Kitu cha kwanza alichotoa kilikuwa waya mweusi mnene uliotolewa kwenye lori kuukuu. Alibana ncha moja kwenye upande hasi wa betri na nyingine kwenye fremu, chini pasipo na rangi.

“Huo wa nini?” Umuro aliuliza.

“Baba alinifundisha. Kabla hujagusa waya za mtu, funga huu kwanza, ndiyo mita isikudanganye. Haya, bonyeza.”

Umuro akabonyeza swichi. Miguu yote mitatu ikashuka kwa mlio laini, na taa tatu za kijani zikawaka.

Lul akageuza shingo polepole. “Mgonjwa ndiye huyu?”

“Wallahi ilikuwa imekwama! Waqo, si uliona?”

Waqo, binamu yake, aliyekuwa amekaa juu ya ndoo, alisema aliona. Lul alipima hapa na pale, hakukuta kitu, akafungua waya wake na kuondoka akitabasamu. Hakufika hata kituo cha mafuta, simu ikalia.

“Lul, imekwama tena. Inalia tak-tak-tak na taa zimefifia.”

“Rubani, sema ukweli. Unataka nitengeneze ndege ama unataka nije?”

“Vyote viwili ni dhambi?”

Kesho yake alirudi, akafunga waya wake, na miguu ikacheza vizuri. Akaondoka, ikagoma. Ikawa hivyo siku baada ya siku. Walikaza swichi za miguuni, walisafisha vumbi, walikagua mota, na katikati ya hayo wakanywa chai nyingi na kusemezana mengi. Lul alimwita rubani wangu. Naye alimwita daktari wangu, na siku moja, alipodhani Waqo hasikii, akamwita qalbi, moyo wangu. Walipendana. Mimi sioni haja ya kulizungusha hilo.

Lakini shaka haihitaji chumba kikubwa. Ilianza upande wa Lul. Baba yake alikuwa ameuliza kwa upole ni ndege gani hiyo isiyopona, na wateja dukani kwao walikuwa wameanza kukohoa akipita. “Umuro,” alisema kwenye simu, na safari hii hakucheka, “kila nikija iko sawa. Kama unanichezea, niambie sasa. Mimi ni msichana wa watu.”

“Nikuchezee mimi? Lul, mkaguzi anakuja wiki hii!”

“Basi mbona mimi sijawahi kuiona ikikwama? Hata mara moja?”

Swali hilo Waqo alilisikia kupitia spika, na akalifanyia hesabu yake mwenyewe. Lul alipokata simu, Waqo alisogeza ndoo karibu. “Yeye akiwepo, nzima. Akitoka, mbovu. Binamu, hujiulizi anaondoka na nini?”

“Waqo, acha.”

“Kaka yake ana Landcruiser zinazobeba watu Sericho. Ndege ikiruka, nani atakaa kwa vumbi siku nzima?”

“Ndege ya watu wawili itamaliza abiria gani?”

“Leo wawili. Kesho utaunda kubwa.” Waqo akasimama na kujikung'uta suruali. “Kikulacho ki nguoni mwako, Umuro.”

Yalikuwa maneno ya kijinga na Umuro alijua. Hata hivyo, kila alipobonyeza swichi na kusikia ile tak-tak-tak, aliyasikia tena.

Lul alikuja tena, amepaka hina mpya. Alifunga waya wake na miguu ikashuka, taa zote za kijani. Ilipofika alasiri alitoka kuswali kwenye kivuli nyuma ya kibanda. Mkoba wake ulibaki chini ya bawa, mdomo wazi.

“Sasa,” Waqo alinong'ona, akasimama mlangoni.

Umuro alijiambia atatazama tu. Kutazama kukawa kupekua. Kulikuwa na koleo, mita, tepu, tende kwenye karatasi, na chini kabisa kulikuwa na swichi mpya, sawasawa na zile za miguu ya ndege yake. Hii ni yangu, alijiambia. Aliiinua juu, na alipogeuka Lul alikuwa amesimama pale, uso na mikono bado ina maji ya udhu.

“Umeitoa wapi hii?” Umuro aliuliza, kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuipenda.

Lul alitazama swichi, kisha mkono, kisha mkoba. “Nairobi. Nilikuagizia, nikidhani labda zako ni mbovu. Nilitaka nikupe leo.”

“Lul—”

“Ulidhani nakuibia.” Hakuuliza. “Nimeomba dua hapo nje, Umuro. Nimemwomba Mungu ndege yako ipone. Na wewe umeingiza mkono kwa mkoba wangu.”

Akauchukua mkoba, akaiacha swichi mkononi mwa Umuro, akaenda. Alilia ndani ya gari mpaka akashindwa kuona barabara, ikabidi asimame.

Sasa sikia maajabu. Tangu siku hiyo ndege ilipona. Umuro alikunja miguu, akaikunjua, asubuhi na jioni. Haikugoma. Waqo alizunguka mji mzima akieleza jinsi fundi wa kike alivyofukuzwa na ndege ikapona siku hiyo hiyo. Umuro alizitazama taa zake tatu za kijani na hakuona raha. Kama ni kweli, alipenda mwizi. Kama si kweli, alikuwa amemuumiza mtu bure. Hakujua ni lipi aliombee.

Kisha simu ikalia.

“Salaam aleikum,” Lul alisema, kama anayempigia karani. “Nilisahau waya wangu mweusi. Mpe Waqo alete.”

“Waleikum salaam. Lul, habari ya—”

“Waya tu.”

Umuro aliinama chini ya ndege. Waya ulikuwa pale pale Lul alipoubana, ncha moja kwenye betri, nyingine kwenye fremu. Akaufungua, akaukunja. Akabonyeza swichi kwa mazoea tu.

Tak-tak-tak. Mguu mmoja ulitoka, wa pili ukakwama katikati.

Umuro aliinama tena. Akaurudisha waya, na miguu ikashuka. Akautoa, ikagoma. Waqo alitazama mara mbili, halafu akaanza kutafuta kofia yake.

“Kaa hapo,” Umuro alimwambia. “Uliniambia kikulacho ki nguoni mwako. Nguo ni ndege yangu, si Lul.”

Hakumpa Waqo ule waya. Aliupeleka mwenyewe, akamkuta Lul soko la maziwa, dumu mkononi. Akina mama walimwona, wakaacha kumimina.

“Mtoto alizaliwa?” Mama Abiba aliuliza.

“Lul,” Umuro alisema kwa sauti ya chini, “nimekosa. Ni waya wako. Ulikuwa—”

“Sisikii.”

“Nimesema nimekosa.”

“Habari ya mguu uliitangaza soko zima. Habari ya mwizi Waqo ameitangaza mji mzima. Na hii itangaze.”

Umuro akawageukia akina mama. Kisha akapaza sauti ile ile ya ng'ombe. “Jamani! Lul hakuharibu ndege yangu! Waya wake ndio ulikuwa unaiponya, na mimi nilipekua mkoba wake akiwa anaswali! Nimeona aibu, na nampenda!”

“Hilo la mwisho hukuambiwa,” alisema Lul, lakini uso wake ulikuwa umeshang'aa.

Walirudi kibandani pamoja. Lul alifuata waya wa ndege kutoka betri hadi ulipofungwa kwa bolti kwenye fremu, akaifungua bolti na kukwaruza kwa kisu. Vipande vya rangi nyekundu vilianguka kwenye ovaroli yake.

“Umefunga waya wa ardhi juu ya rangi,” alisema. “Stima ya kurudi kwa betri ipite wapi? Ndege yako ilikosa ardhi, Umuro. Kila nikija naipa yangu, nikiondoka naondoka nayo.” Alipuliza vumbi la rangi. “Na mimi nimekosa. Mita iliniambia uko sawa, nikaona wewe ndiye unadanganya. Kumbe waya wangu ndio ulinificha ukweli.”

Alifunga bolti kwenye chuma kitupu, akatoa waya wake. Umuro akabonyeza swichi. Taa tatu zikawaka.

Mkaguzi alikuja, akabonyeza mpaka akachoka, akatia sahihi. Siku ndege iliporuka mara ya kwanza, akina mama wa soko walisimama wote kuitazama ikikunja miguu, na Mama Abiba akapiga vigelegele.

Jioni ile simu ya Lul ililia dukani.

“Daktari, mguu umekwama tena.”

“Uongo.”

“Ni uongo, wallahi. Njoo tu.”

Lul alimtazama baba yake, aliyejifanya anahesabu betri rafuni, akasogea mlangoni.

“Siji,” alisema. “Safari hii njoo wewe, na uje na wazee wako. Na ukiingia kwetu, Umuro, mikono niione.”