Utepe Mweusi Mlangoni

Mzee Wilf Barraclough alikufa kwenye ujia wa nyuma wa klabu ya wachimba makaa ya Ackenby, Jumapili alasiri, huku wageni wa harusi ya mjukuu wake wakicheza muziki upande wa pili wa ukuta. Kichwa kilikuwa kimepasukia kwenye ukingo wa pipa la bia. Brenda, msimamizi wa klabu, ndiye aliyemkuta.

Inspekta Neville Stott aliitwa kabla hajamaliza nyama yake ya Jumapili, na hilo halikumfurahisha. Alisimama penye mlango akatazama chini. Waya mnene wa umeme ulitoka ukumbini ukavuka ujia hadi kwenye soketi ya jikoni. Juu yake ulikuwa umebandikwa utepe mweusi wa gundi, umenyooka kama rula.

"Huu wa nani?"

"Wangu, bosi," alisema mwanamume mwenye shati la kumetameta. Aliitwa Darren Pogson. Siku za kazi alitandika mazulia majumbani mwa watu. Wikendi alijiita DJ Dazzle. "Soketi ya jukwaani imekufa, nikavuta kutoka jikoni. Lakini niliubandika asubuhi, kabla hajaingia mtu. Na bima ninayo." Akachomoa cheti mfukoni. "Ya kulipa mtu akiumia kwa vyombo vyangu. Hadi pauni milioni kumi."

"Nimekuuliza habari za bima?"

"Hapana. Nasema tu."

"Mtu amelala hapa amekufa, wewe unanionyesha karatasi."

"Mzee alikuwa kalewa, bosi. Kila mtu kamwona."

"Wilf kalewa?" Brenda aliruka. "Nusu glasi tangu mchana, tena kaiacha mezani! Usimsingizie maiti, Darren."

Stott akamgeukia. "Umeona lolote lisilo la kawaida, mama?"

"Nimesikia. Huyu bwana kapiga wimbo ule ule mara mbili mfululizo. Ule mrefu, wa kushikana mabega. Shangazi wa bi harusi akaja kuniuliza kama mashine imekwama. Natazama meza ya huyu DJ, hayupo."

"Nilikwenda chooni," Darren alisema.

"Nyimbo mbili nzima?"

"Tumbo, bosi. Zile pai za Brenda."

"Pai zangu zimelisha kijiji hiki tangu hujazaliwa, mshenzi wewe!"

Stott alivaa glavu, akachuchumaa, akaanza kubandua utepe polepole. Chini yake kulikuwa na vikaratasi vidogo vya rangi, vimeganda kwenye gundi.

"Hivi ni nini?"

"Vya kuwarushia maharusi," alisema Brenda. "Niliwakataza ukumbini, wakawarushia hapa mlangoni walipokuwa wanaingia. Mchana huo."

"Asubuhi havikuwepo?"

"Nilipiga deki mwenyewe."

Darren alikuwa anatazama dari.

Stott akaendelea kubandua. Karibu na ukuta akakuta petali moja ya waridi, ya manjano, imepondeka, ina tone la damu. Akamwonyesha Sajini Nasreen Akhtar.

"Wanaume wote wamevaa waridi jeupe, afande," alisema Nasreen. Kisha akatazama koti la marehemu. Kwenye ukosi palikuwa na kijiti na petali chache za manjano.

Bi harusi, Kirsty, alikuwa amekaa sakafuni na gauni lake jeupe, pindo limeloa bia na damu. "La manjano ni la babu peke yake," alisema. "Bibi alipanda hayo. Nimelikata mwenyewe asubuhi, nikambandika mwenyewe." Hakusema zaidi.

Jumatatu asubuhi Darren aliketi kituoni na wakili wa zamu. Shati la kumetameta lilikuwa lile lile.

"Ulibandika utepe lini?"

"Asubuhi."

"Juu ya vikaratasi vilivyorushwa mchana?"

"Basi... baada ya hapo. Maharusi walipoingia."

"Na petali yenye damu ya Wilf iliingiaje chini yake?"

Darren alianza kufunga kifungo cha juu cha shati.

"Mzee alijikwaa kwenye waya usiobandikwa, Darren. Wewe ukaweka wimbo mrefu, ukarudi na utepe, ukapiga magoti kama unatandika zulia. Daktari anasema hakufa mara moja. Alikuwa anaongea?"

Darren alifuta uso. "Aliniambia, 'Niinue, kijana.'"

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia asubiri kidogo."

"Akasubiri," alisema Stott.

"Ungefanyaje wewe? Bila bima hakuna klabu inayokufungulia mlango! Na ma-DJ wenzangu wote wanasema, waya usipobandikwa kampuni hailipi. Nikasema nibandike kwanza, halafu nipige simu. Nikimaliza namtazama, kanyamaza. Nikaogopa. Na wimbo ulikuwa unaisha tena."

"Kwa hiyo ukaenda kubadilisha wimbo."

"Ndiyo."

Stott alimtazama kama mtu anavyotazama kilichonasa kwenye soli ya kiatu. "Sajini, mwambie kampuni yake wamesemaje."

"Wangelipa," alisema Nasreen. "Mtu akijikwaa kwenye waya uliosahau kuubandika, ndiyo hasa bima yenyewe. Asiye na kosa anatafuta bima ya nini?"

Darren alimgeukia wakili wake. Wakili alikuwa anachunguza kalamu.

"Yaani... ningemwinua tu?"

"Ungemwinua, ungepiga simu, wao wangelipa," alisema Stott. "Na Jumamosi ijayo ungekuwa kwenye harusi nyingine, na shati lako hilo. Miaka yote umelipia kitu, hujui hata ni cha nini."

Alikiri yote, akatia sahihi, akalia kwa ajili ya nafsi yake.

Bima ilimgharimu pauni sitini na tano kwa mwaka. Kampuni sasa ilikataa kulipa, na ilikuwa na haki: kumwacha mtu afe si ajali. Darren alipewa miaka mitano jela. Kirsty ana siku moja katika mwaka ambayo ni ndoa yake na ni msiba wake. Wilf alikuwa na miaka themanini na mmoja, na alichoomba ni mkono. Utepe ulinunuliwa pauni sita. Nusu yake ilibaki.