Kaya ya Mama Wawira

Michai ya boma lile ilikuwa imeota ikawa miti. Popote pengine Kianjokoma mchai hukatwa uishie kiunoni, na mwenye shamba hapati usingizi mpaka majani yafike kituoni. Hapa hakuna aliyechuma miaka mingi. Michai ilikuwa imerefuka ikampita mtu kichwa, imesongamana hadi mlangoni, na ndani yake hakulia hata ndege mmoja.

Mtu mwenye akili angegeuka. Lakini Joyline Kanana alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sosholojia, na akili yake alikuwa ameiweka akiba ya mtihani.

Alikuwa mafunzoni, atachment kama wenyewe wanavyoita, katika ofisi moja ya serikali ya utafiti wa jamii mjini Embu. Kazi yenyewe haikuwa ya kuvunja mawe. Unapewa kishikwambi, unatembelea maboma yaliyochaguliwa, unauliza watu wanaishije, unajaza majibu. Kishikwambi kinanasa mahali uliposimama ili serikali ijue kweli ulifika. Serikali ikishajua ulifika, haina haja ya kujua kama uliongea na mtu.

"Hapo hamna mtu, madam," alisema Runji, mwendesha bodaboda, bila kuzima injini. Alikuwa amesimama mbali na lango, akitazama upande mwingine. "Hapo hata mbuzi ikiingia, sisi hatufuati."

"Kwani nani alikuwa anaishi?"

"Usiniulize hiyo. Piga hiyo kitu yako twende."

Joyline alifurahi, tena alifurahi waziwazi. Nyumba tupu haikwambii ungoje imalize kukama ng'ombe. Haikuulizi serikali italeta maji lini. Akasimama langoni, akabonyeza, kishikwambi kikanasa mahali. Aliposhika lango kujiegemeza alihisi mafuta kiganjani. Komeo lilikuwa limepakwa grisi, bichi kabisa. Akajifuta kwenye suruali na kupanda pikipiki.

Mwenzake Kobia alikuwa hotelini sokoni, mbele yake chai na mandazi. Walitoka chuo kimoja, na Kobia alikuwa amehoji kijiji kizima tangu asubuhi bila kuchafua viatu.

"Unapikaje mtu hayuko?" Joyline alimuuliza kwa sauti ya chini.

"Unaweka mjane. Hana mtoto, hana ng'ombe, hana loan. Maswali yanajiruka yenyewe, unamaliza saa hiyo hiyo."

"Na bosi Kathuri akipiga simu kuhakikisha?"

"Si uko na laini ya pili? Weka hiyo namba. Akipiga unakohoa kidogo, unaongea kama shosho. Hawa watu hawajali, Joy. Wanataka tu kusikia sauti."

Hii ndiyo elimu ya juu tunayoiombea watoto kanisani kila Jumapili. Joyline akabuni jina na umri, akaandika: Mama Wawira, mjane, anaishi peke yake, hana mtoto. Akaweka namba ya laini yake ya pili. Alipobonyeza neno la mwisho alisikia harufu ya jivu lililomwagiwa maji, kali, karibu kabisa na shingo yake. Akageuka. Nyuma yake palikuwa na ukuta tu, na mwenye hoteli alikuwa anapikia gesi.

Sijui kilichokuwa ndani ya boma lile kiliitwa nini zamani. Jini, pepo, watu wa huko hawakitaji kabisa. Ninachojua ni kwamba kilikuwa kimekaa humo bila jina, bila umri, bila mtu wa kukiuliza kimeamkaje. Sasa msichana mvivu alikuwa amekipa vyote hivyo, na namba ya simu juu yake.

Bwana Kathuri, msimamizi wao, alikuwa mtu wa semina. Kijijini hakuwa amefika tangu apewe kiti cha kuzunguka. Semina ya kuwafunza wanafunzi ilikuwa na sambusa nyingi na somo moja, nalo alilirudia mpaka wakasinzia: kaya ni watu wanaokula sufuria moja, hata kama mmoja wao yuko mbali masomoni, na mtu ana kaya moja tu. Mtu hahesabiwi mara mbili. Alilisema hilo kama mtu aliyelivumbua. Majina ya wanafunzi hakuyashika hata moja. Kila mmoja alikuwa "wewe wa atachment."

Lakini sahihi yake ndiyo ingemwezesha Joyline kuhitimu. Bila hiyo, angerudia mwaka. Na kule kwao Kianjai kulikuwa na mama mmoja, Nelius, mjane asiye na mtoto mwingine, ambaye alikuwa amekwisha kushona gauni la siku ya mahafali na kulitundika ukutani, sebuleni, ili kila mgeni aulize ni la nini. Kila asubuhi alimpigia binti yake kumuuliza kama amekunywa chai. Joyline alikuwa akizizima simu hizo nusu ya mara, kwa sababu zilimpata akijipodoa.

Siku ya kuhakikisha ilipofika, Joyline aliketi nje ya ofisi ya Kathuri, upande wa pili wa ukuta wa mbao, simu ya laini ya pili mapajani. Alikuwa amefanya mazoezi ya kukohoa bafuni, kule alikopanga. Alimsikia Kathuri akibonyeza namba. Akasafisha koo.

Simu haikulia. Haikuwaka hata taa.

"Haloo!" Kathuri alisema ndani. "Naongea na Mama Wawira?"

"Ni mimi, mwanangu," ilijibu sauti. Kathuri alikuwa ameiweka simu mezani kwa sauti kubwa, maana mkono mmoja ulikuwa na sambusa, na sauti ile ilipita ukuta wa mbao bila shida, sauti ya mwanamke mzee, ya upole, ikafuatiwa na kikohozi. Joyline akakitambua. Kilikuwa kikohozi kile kile cha bafuni, na mwisho wake ule ule wa kuvuta pumzi.

"Mama, hapa naona mko mmoja tu."

"Aii, si mmoja. Tuko wawili. Mimi na msichana wangu."

"Ooh. Anaitwa nani?"

"Joyline Kanana. Anasoma. Yuko huko town saa hii, lakini sufuria yetu ni moja."

"Kama sufuria ni moja, huyo ni wako, mama," Kathuri alisema kwa furaha, maana hapana kitu kinachompendeza msimamizi kama kosa la mtu mwingine. "Hawa watoto wa atachment huacha watu nje. Sasa namuongeza."

Joyline alisikia vidole vikigonga kioo cha kishikwambi, herufi moja baada ya nyingine, jina lake lote, jina ambalo Kathuri alikuwa amelitilia sahihi kila wiki bila kulisoma, na akajua kwamba angesimama sasa hivi, akafungua ule mlango, akasema nilidanganya, hakuna mtu pale, futa kila kitu, yote yangeishia hapo. Na wakati huo huo aliona gauni ukutani Kianjai, akaona sahihi ikikataliwa, akaona mama yake akiwaeleza wageni kwa nini gauni bado linangoja, na ile harufu ya jivu bichi ikapanda kutoka kwenye simu mapajani mwake ikamjaa puani na kooni, na miguu ikakataa, na yeye, Mungu amsamehe, akashukuru kwamba imekataa.

Ndani, Kathuri alikuwa anamtakia Mama Wawira siku njema.

"Wewe wa atachment," alimwambia akitoka, akijipangusa mafuta mdomoni. "Umeacha mtu mzima nje ya kaya. Kazi ya ovyo. Nimerekebisha, nimetuma Nairobi."

"Sir... inaweza kufutwa?"

"Ikishatumwa imetumwa. Kwani ulienda semina kufanya nini? Huyo msichana akionekana kwa kaya ingine, atatolewa huko. Mtu hahesabiwi mara mbili."

Kesho yake asubuhi simu ya mama yake haikuja.

Joyline aliisubiri akiwa amekaa kitandani, yeye ambaye hakuwahi kuisubiri. Akapiga mwenyewe, ikaita mpaka ikakata. Kule ofisini, askari wa lango aliyemzoea alimzuia kwa mkono. "Unaenda kwa nani, mrembo?" Alidhani ni utani. Hakuwa anatania. Kobia alipita karibu naye kwenye ngazi, akamtazama kama mtu aliyemwona kwenye harusi fulani na hakumbuki ya nani, akaendelea kushuka.

"Kobia! Kobia, ni mimi. Joy!"

"Sorry, siz, tumewahi kutana?"

Akampita mbio mpaka ofisi ya Kathuri, akaingia bila kubisha, akasema yote kwa pumzi moja: hotelini, mjane, laini ya pili. Ule ukweli alioushikilia jana kama roho yake, leo ulimtoka kama maji. Kathuri alimsikiliza kwa adabu ambayo hakuwahi kumwonyesha mwanafunzi. Hiyo adabu ndiyo iliyomtisha zaidi.

"Pole, dada," alisema. "Lakini huku atachment tuko na kijana mmoja tu. Wewe kaya yenu ni gani?"

"Mimi ni wa Kianjai! Kwa Nelius!"

Kathuri aliinamia kishikwambi, akapekua, uso ukamchangamka. "Joyline Kanana? Acha mzaha. Uko hapa, Kianjokoma. Kumbe wewe ndiye msichana wa Mama Wawira! Mama yako ni mtu mzuri sana kwa simu. Msalimie."

Sina huruma na Kathuri, na sitajifanya ninayo. Msichana alisimama mbele yake, na yeye akamwonyesha mlango, akarudi kwenye sambusa yake akiwa na amani ya mtu ambaye hesabu zake zimekubali.

Joyline alifika Kianjai alasiri, mvua ikinyunya. Mama yake alikuwa ameketi barazani akichambua maharagwe, leso ile ile begani. Mbwa waliyemlea tangu akiwa mtoto alimbwekea.

"Karibu, mami," mama alisema kwa Kiswahili. "Ingia usinyeshewe."

Joyline akasimama pale pale kwenye matope. Maisha yake yote mama yake hakuwa amemsemesha Kiswahili. Kiswahili cha Nelius kilikuwa cha machifu, cha madaktari, cha watu wanaokuja na karatasi. Kwa mtoto wake alikuwa na Kimeru tu, cha kumwimbia na cha kumgombeza.

Akamjibu kwa Kimeru. Akamwambia, mama, ni mimi.

"Haiya!" Nelius akacheka. "Kumbe unajua Kimeru chetu! Walikufunza wapi? Wewe ni wa hizo maswali za serikali? Kaa hapo, nikuletee chai. Hata mimi huwa napenda kuulizwa. Huku hakuna mtu wa kuongea na yeye."

Alileta chai ya maziwa mengi, kwenye kikombe cha wageni. Ukutani, kupitia mlango uliokuwa wazi, gauni lilikuwa bado limetundikwa. Nelius aliona anakotazama.

"Hiyo sijui nilishonea nini," alisema taratibu. "Naiangalia tu kila siku. Haya, uliza. Niko peke yangu. Mzee alikufa. Mtoto hatukujaliwa."

Mjane, anaishi peke yake, hana mtoto. Joyline aliyatambua maneno hayo. Alikuwa ameyaandika yeye mwenyewe, hotelini, kwa sababu mjane asiye na mtoto anamalizika upesi. Akapiga magoti kwenye maharagwe, akamshika yule mama miguu, akamtajia wimbo wa kumlaza, kovu la goti, jina la ng'ombe aliyeuzwa kwa karo, akamwambia kila kitu ambacho mtoto mmoja tu duniani angeweza kukijua, na Nelius akamsikiliza akimpapasa kichwa, akilia hata yeye bila kujua analilia nini, akisema pole, pole mami, Mungu atakusaidia, mpaka maneno ya Joyline yakaanza kupungua, moja moja, na akasahau jina la ng'ombe, kisha akasahau wimbo.

Simu ya laini ya pili ililia mfukoni. Harufu ya jivu lililomwagiwa maji ikajaa barazani, na mbwa akaacha kubweka, akaingia chini ya ghala.

"Hiyo ni ya kwenu," Nelius alisema, akijipangusa macho kwa leso. "Shika, watu wa kwenu wasishtuke."

Joyline hakuipokea. Ilijipokea yenyewe.

"Chakula kimeiva," ilisema sauti ya upole, kisha ikakohoa.

Nelius alimsindikiza mpaka langoni kama anavyosindikizwa mgeni, akamfunika kichwa na leso yake kwa sababu ya mvua, akamwambia asiirudishe. Kisha akamtazama usoni kwa muda, akakunja kipaji cha uso, kama aliyeweka kitu mahali na hapaoni.

"Msichana mzuri hivi," alisema. "Kwani wewe ni wa kwa nani?"

Joyline alifungua kinywa alitaje jina la mama yake, Nelius, jina lililokuwa limesimama mbele yake likinyeshewa.

"Wa kwa Mama Wawira," akajibu. "Kule Kianjokoma."

"Haya, mami. Msalimie sana," Nelius akasema, na akafunga lango.