Nani Amesogeza Kiti cha Mbele

"Nani alikaa hapa?"

Kapteni alikuwa anawasha gari. Hakugeuka.

"Wapi?"

"Hapa. Kwenye kiti changu."

Magoti yangu yalikuwa yamegota kwenye dashibodi. Mimi ni mrefu. Kiti cha mbele cha lile gari la njano tulikisukuma nyuma siku ya kwanza nilipolipanda, na tangu hapo hakikuwahi kusogea. Sasa kilikuwa mbele kabisa, kama cha kumpandisha mtoto wa chekechea.

"Mgeni," akasema.

"Wageni wanakaa nyuma."

Huo ulikuwa haujawa wivu, ndivyo kazi yake ilivyo. Kapteni anatembeza wageni, mzunguko mfupi wa mji wetu, na mji wetu ni kisiwa. Kwanza mnara wa taa, halafu daraja, mwisho kilimani. Gari anakodi mtu mmoja na watu wake, halichanganyi. Mgeni anapewa kofia pana ya jua yenye utepe wa kijani, anakaa nyuma upande wa kulia, maana njia nzima bahari iko kulia. Ukikaa mbele huna cha kutazama ila dereva.

"Huyu akikaa nyuma anasikia kutapika," akasema.

"Alikwambia nani?"

"Yeye. Ulitaka aniambie nani, gari?"

"Na wewe ukamfungulia mlango."

"Jicho, mtu akikodi gari peke yake, njia ni yake na kiti ni chake. Hilo unalijua."

Ananiita Jicho kwa sababu ya kazi yangu. Kule kilimani mimi ndiye ninayetunza darubini. Nafuta vioo, nawaelekeza wageni wakitazama mji.

"Ni mwanamke?"

"Ndiyo."

"Mzuri?"

Akacheka kidogo. "Ni mteja."

Bora angesema mbaya. Niliinama, nikashika chuma cha chini ya kiti, nikakirudisha nyuma mpaka kikalia. Tukaondoka.

Jumapili iliyokuwa inakuja, watu wake wangekuja nyumbani kuniposa. Mama yangu alikuwa hajamwona Kapteni hata kwenye picha, na alikataa kumwona. "Baba yako naye alikuwa dereva," alizoea kusema, "akaondoka na abiria. Mwanamume anayeshinda garini na wanawake wasio wake, mimi simjui na sitaki kumjua. Hao watu wake waje, jibu nitalitoa hapohapo."

Kwa hiyo kama Kapteni alikuwa na mtu, nilitakiwa nijue kabla ya Jumapili. Sikutaka kuaibishwa na jibu la mama mbele ya ukumbi uliojaa wakwe.

Kesho yake asubuhi nilimfunga mama viatu kama kila siku, maana goti lake la kushoto linamuuma akiinama. Akasema anapitia kliniki. Nikampa mkongojo wake, nikaenda kazini.

Tuko wawili kule juu. Mwenzangu anakata tiketi, na tunamwita Redio. Hajawahi kuishiwa habari wala betri.

Mgeni mmoja alikuwa ameinamia darubini.

"Dada, hawa wawili kule darajani wamekumbatiana mchana kweupe?"

"Hawajakumbatiana, kaka. Darubini inavuta walio mbali, inawabana pamoja. Ukienda pale utakuta kati yao gari linapita."

Maneno hayo nayasema kila siku. Naweza kuyasema nimelala.

Mgeni akaondoka. Nikageuza darubini kwenye mnara wa taa, na gari la njano likaingia. Kapteni ana desturi yake: akifika pale anawasha taa za gari mara mbili. Ni salamu yangu. Wageni hawajui, mimi huku juu najua.

Siku hiyo taa hazikuwaka.

"Leo hujakonyezwa?" Redio akauliza.

"Jua kali. Labda sijaziona."

"Jua hilohilo la jana?"

Mlango wa mbele ukafunguliwa. Kapteni alizunguka mbio, akampa mtu mkono. Akashuka mwanamke mfupi, gauni la zambarau, kofia ya utepe wa kijani imeshushwa mpaka masikioni, miwani myeusi. Akatembea ameegemea mkono wa mchumba wangu. Mwendo wake uliniudhi, kama vile nimeshawahi kuudhika nao mahali.

Kisha Kapteni akapiga goti. Pale chini, kwenye vumbi, akamshika yule mwanamke mguu.

"Sogea na mimi nione," Redio akasema. Akatazama. "Anamfunga kiatu."

"Nimeona."

"Mwenzangu, mimi mume wangu hajawahi kuinama hata kuokota kijiko alichokiangusha mwenyewe. Huyu anampigia mtu goti."

"Redio, kata tiketi."

"Tiketi zipo. Haya ndiyo hayapo."

Nikachukua simu, nikampigia huku jicho likiwa kwenye kioo. Nilimwona anaitoa mfukoni. Alisoma jina langu. Halafu, badala ya kupokea, akamwonyesha yule mwanamke. Yule mwanamke akatikisa kichwa. Kapteni akairudisha simu mfukoni.

Simu yangu iliita mpaka ikachoka. Nimeshakataliwa simu, nani hajakataliwa. Lakini kunyimwa ruhusa na mwanamke mwingine, na mimi namtazama, hilo sikuwa naijua ladha yake.

Walipofika darajani nikawapata kwenye benchi la kutazamia maji. Nikarekebisha kioo, na kofia ya utepe wa kijani ilikuwa imelala juu ya bega la Kapteni. Nikaacha kutazama.

Kutoka darajani njia inapanda kwetu. Gari la njano likageuza, likarudi mjini.

"Hapandi," Redio akasema polepole. "Huku juu kuna jicho."

Baadaye ujumbe ukaingia: "Samahani mpenzi, nilikuwa na mgeni. Nikupigie?"

Nikaandika: "Mbona hamkupanda huku?"

"Huyu hapendi milima."

"Anapenda nini?"

Akachelewa kidogo. "Sijakuelewa."

"Utaelewa Jumapili," nikaandika, nikazima simu.

Jioni nilimkuta mama amekaa kitandani, anakanda goti.

"Mama, watu wa Jumapili nawaambia wasije."

Mkono wake ukasimama. "Kwa nini?"

"Ana mwanamke."

Nilidhani atasema nilikwambia. Hakusema.

"Mwanamke gani?"

"Anamtembeza kwenye gari. Kwenye kiti changu, mama. Nimewaona kwa darubini kwa macho yangu haya."

"Umemwona sura?"

"Kajificha na kofia na miwani, ataonekana wapi. Lakini umbo nimeliona. Mfupi, mnene kama gunia la mkaa."

"Gunia," mama akasema.

"La mkaa. Kavaa gauni la zambarau kama pazia, na anatembea kama bata aliyeshiba."

"Huenda anaumwa mguu."

"Haya hana, mguu utamuuma vipi? Mtu mzima mwenye umbo lile anapigiwa magoti na mume wa mtu, anafungwa viatu. Halafu anamlalia begani."

"Begani?" Mama alinyanyua kichwa. "Nani kalala begani?"

"Bata."

Mama alivuta shuka, akalikunjua, akalikunja tena vilevile lilivyokuwa.

"Huyo kijana umemuuliza?"

"Nimuulize nini wakati nimeona?"

"Mimi baba yako sikumwona, niliambiwa. Wewe umeona. Sawa. Ila usimwambie mtu asije mpaka kesho jioni. Hilo tu nakuomba."

"Kesho kuna nini?"

"Kesho ni kesho. Na gunia la mkaa ni refu, mwanangu. Siku nyingine mfananishe mtu na kitu kingine."

Niliona ajabu. Mama aliyemchukia Kapteni miezi yote, leo anamwombea siku moja.

Kesho yake nilifika kazini macho yamevimba. Redio hakuuliza, na Redio asipouliza ujue hali ni mbaya. Mchana akaniita.

"Njoo kwenye darubini. Lakini kwanza vuta pumzi."

Gari la njano lilikuwa kwenye mnara wa taa. Kiti cha mbele, kofia ya utepe wa kijani. Na taa zikawaka mara mbili. Zikawaka tena. Zikazima, zikawaka, zikawaka, ovyo ovyo, kama mtu anayejifunza. Nikaona mkono mfupi wenye kitambaa cha zambarau umepita mbele ya dereva, uko kwenye swichi ya taa.

Kiti changu alishachukua. Sasa alikuwa anafundishwa salamu yangu.

"Wanapanda," Redio akasema. "Hawakukaa hata darajani. Wanakuja huku."

"Waje."

"Unataka nikushike au nikuachie?"

"Niachie."

Nilishuka ngazi. Gari likasimama kwenye changarawe. Kapteni akatoka upande wake, uso wa mtu asiyelala.

"Jicho, simu yako tangu jana..."

"Wewe nyamaza. Sina shida na wewe, nina shida na kiti."

"Huyu mama ameng'ang'ania leo apande..."

Sikumsikiliza. Nikazunguka, nikafungua mlango wa mbele kwa nguvu, kinywa changu kimeshajaa matusi niliyoyatayarisha usiku kucha.

Yule mwanamke akavua miwani.

"Gunia limefika," akasema. "Lifunge kiatu, kimelegea."

Alikuwa mama yangu.

Nikapiga goti kweli. Nikashika kamba ya kiatu, kiatu kilekile nilichokifunga asubuhi kwa mikono yangu hii. Nikashindwa kuifunga.

"Mama?" nikasema.

"Mama?" Kapteni naye akasema, nyuma yangu.

"Mama wa wote," mama akasema. "Funga, mwanangu. Au nimwite yeye? Yeye hufunga vizuri kuliko wewe, habani kidole."

"Kliniki..."

"Hapo nimesema uongo, sikatai. Gauni ni la mama yako mdogo, na ndiyo, ni kama pazia, nimemwambia. Mkongojo nimeuacha kwake. Nilitaka nimwone huyu kijana akiwa na mwanamke asiye na kitu cha kumtamanisha. Mtu akimheshimu mrembo hujajua kitu. Mwangalie akiwa na gunia."

Kapteni alikuwa ameshika kofia yake ya kazi kifuani. "Mama, mimi sikujua."

"Ungejua ningepata nini?" Akanigeukia mimi. "Jana nilimwambia asiwashe zile taa, akaniomba mara mbili nimruhusu. Ulipopiga, akaniomba apokee, akasema ni mchumba wake, atakuwa na wasiwasi. Nikakataa. Nikawa natazama kama atanikasirikia au atanidanganya aende kujificha na simu. Akasema sawa mama, safari ni yako, ukishuka nitampigia. Akakaa kimya njia nzima kama mtu aliyefiwa."

"Na begani?" nikauliza. Ndilo lililokuwa bado linanichoma. "Darajani. Kichwa chako kilikuwa begani kwake."

"Begani?" Kapteni akasema. "Mama alikaa kwenye benchi. Mimi nilikaa kule kwenye uzio, nasubiri."

"Kati yetu alipita mtu na baiskeli," mama akasema.

Redio alikuwa ameshafika kwenye ngazi, hakuna aliyemwita. Akasafisha koo.

"Darubini inavuta walio mbali, kaka," akasema kwa sauti yangu, "inawabana pamoja."

Nilitamani changarawe inimeze. Mwaka mzima nawaambia wageni, na siku yangu ilipofika nikasahau kujiambia.

Kapteni alinisogelea. "Kwa hiyo ule ujumbe wa Jumapili, ulikuwa unaniambia nini?"

"Kwamba msije."

"Kwa sababu ya kiti?"

"Kwa sababu ya kiti, na kiatu, na simu, na taa. Ungeniambia ni mama mzima anayeumwa mguu ningelala usingizi wangu. Nilikuuliza, ukacheka, ukasema ni mteja."

Akaangalia chini. "Nilipenda ulivyoona wivu. Kidogo tu. Hujawahi kunionea wivu, Jicho. Kila siku unanitazama na wageni wazuri, huulizi hata mmoja."

"Siulizi kwa sababu wanakaa nyuma."

Mama alicheka mpaka akashika goti. Kisha akamgeukia Kapteni, na kicheko kikaisha.

"Safari ya kwanza nilikwambia nina binti mzuri kuliko huyo mchumba wako, na nyumba nitawapa. Ukanijibu nini? Rudia asikie."

"Mama, tafadhali."

"Rudia."

Kapteni alijikuna shingo. "Nilisema, huenda ni mzuri kuliko yeye. Lakini wangu, hata nikiwa ng'ambo ya mji, najua kuna mtu ananitazama. Baada ya hapo siwezi kuishi bila kutazamwa."

Niliifunga ile kamba, sasa ikakubali.

"Halafu akaongeza," mama akasema, "kwamba anaogopa sana mama mkwe wake, anasikia ni mkali kama pilipili."

"Nilisema nasikia, mama."

"Umesikia vizuri. Jumapili waje."

Walikuja. Mama alitoa jibu kabla hata hawajamaliza kukaa, mpaka mjomba wa Kapteni, aliyekuwa ameandaa maneno yake wiki nzima, akaomba ayaseme tu hivyohivyo yasiharibike.

Siku ya harusi lile gari la njano lilipambwa maua mpaka kwenye vioo vya pembeni. Kapteni alikataa dereva mwingine, akasema harusi yake ataiendesha mwenyewe. Nikashuka na gauni langu refu, nikaenda mlango wa mbele.

Mama alikuwa ameshakaa.

"Nyuma natapika," akasema. "Unajua hilo."

Nikapanda nyuma, upande wa kulia, nikakaa na bahari. Tulipofika mnara wa taa, mkono mfupi ukanyooka mbele ya dereva, taa zikawaka mara mbili, safi kabisa, bila kukosea. Juu kilimani Redio alikuwa kwenye darubini, na najua alishaanza kutangaza.

Mpaka leo nikifungua lile gari, kabla ya salamu naangalia kiti. Kikiwa mbele kabisa nafurahi, mama alitembezwa. Lakini nakirudisha nyuma, mpaka kinalia.