Dume ni Chuma

Jumamosi, saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi, gari la rimoti la Mwalimu mstaafu lilitoa moshi kwenye mstari wa kuanzia mashindano, likalia pa! kama kofi, likawaka. Watu walikimbia. Mwalimu alilikimbilia, akachomoa betri kwa mkono mtupu. Kufikia saa nne mkono huo ulikuwa umefungwa bendeji hadi kwenye kiwiko, na gari lilikuwa donge jeusi ndani ya ndoo ya mchanga.

"Gari la kuchezea," alisema Mama Moto, akishuka kwenye pikipiki ya idara. "Nimeacha ripoti ya kiwanda cha magodoro nije kuangalia gari la kuchezea."

Alikuwa mkaguzi wa zimamoto mwenye miaka ishirini na sita ya kuchambua majivu. Goti la kulia lilimuuma, na subira ilikuwa imemwishia tangu Jumanne.

"Hilo si la kuchezea, mama," alisema Mwenyekiti wa klabu, mtu mnene mwenye kofia ya nembo. "Linakwenda kilomita mia kwa saa."

"Nani fundi wake?"

Mwenyekiti alinyoosha kidole bila kusita. Mlangoni mwa karakana alisimama mwanamke wa miaka ishirini na kitu, aproni yake imejaa vitundu vya kuungua. Klabu nzima ilimwita Fundi.

"Huyo. Mtoto wa dada yangu, tena mimi ndiye niliyemfundisha kushika pasi ya kuunganishia nyaya. Inaniuma, lakini haki ni haki. Saa sita kamati inakaa, na ufunguo wa karakana anaurudisha."

"Mjomba, nimesema mara tatu! Ile adapta ya kuunganishia betri si yangu!"

"Imetoka kwenye droo yako."

"Droo yangu haina kufuli, hata paka anaifungua!"

"Basi tumfukuze paka."

Karakana ile ndiyo iliyokuwa kazi yake, jina lake na kesho yake. Fundi aliyeunguza mkono wa mtu hapati mteja wa pili.

Mama Moto aliomba kibanio, akaitoa adapta mchangani. Kilikuwa kipande cha waya kifupi kama kidole, chenye plagi kila upande. Betri ya Mwalimu ilikuwa na plagi mpya, kubwa. Gari lake bado lilikuwa na ya zamani. Adapta ndiyo iliyoziunganisha. Upande wa gari ulikuwa umeyeyuka kama ubani, lakini upande wa betri ulisalimika. Kwa nje waya ulivikwa mpira mnene, mtu angedhani ni waya wa maana. Alipouchana mpira, ndani alikuta nyaya mbili nyembamba kama kamba za viatu, nyekundu na nyeusi. Ile nyekundu ilikuwa na mstari mweupe.

"Gari hili linavuta ampea ngapi?"

"Mia, na zaidi likiondoka kwa kasi," alijibu Fundi. "Waya huo haubebi hata kumi. Ganda limeyeyuka, nyaya zikagusana. Mama, mtu aliyetia waya huo kwenye gari hili ni sawa na aliyefunga ng'ombe kwa uzi."

Kwenye plagi iliyosalimika, yenye pini, palikuwa na kikaratasi kilichobandikwa, kimeandikwa kwa herufi kubwa: JIKE. Mama Moto alikitazama, kisha akatazama ukutani juu ya meza. Huko nako kulikuwa na maandishi ya kalamu nene: DUME NI CHUMA, SI PLASTIKI.

"Hii nini, methali?"

"Ni kanuni." Fundi aliokota plagi mbili mpya. "Hii ina pini za chuma, ni dume. Hii ina matundu, ni jike. Lakini tazama plastiki. Plastiki ya yenye pini iko wazi kama kikombe, ile ya matundu ndiyo inayoingia ndani yake. Ukifuata plastiki, majina yanageuka. Sisi tunafuata chuma. Jike hukaa kwenye betri siku zote, maana chuma chake kimejificha. Betri ikiwa na pini nje, ikagusa bisibisi tu, umekwisha."

"Na nani alikuwa anageuza majina hata ukaandika ukutani?"

Fundi aliinamisha macho. "Wakaidi hawakosi, mama."

Hilo nalo lilimkera Mama Moto. Alikuwa na shahidi anayejua kila kitu ila jambo analoulizwa.

Saa nne na nusu alimkuta Mwalimu kwenye benchi, mkono umening'inia shingoni.

"Alhamisi nilimwomba Fundi adapta," alisema Mwalimu. "Akanikatalia katakata. Akasema gari kubwa halitaki adapta, linataka plagi moja inayolingana na betri, nisubiri Jumatatu anibadilishie. Nikalalamika kwa kila aliyekuwa na masikio. Leo saa tatu kasorobo nikarudi kumbembeleza, sikumkuta. Droo iko wazi, adapta imelala juu ya karatasi yenye jina langu. Nikasema, mtoto kalainika."

"Uliona mtu?"

"Turbo alikuwa anatoka."

Turbo alikuwa kijana mwenye koti la kung'aa, ambaye misimu miwili mfululizo alishindwa na mzee wa miaka sitini na saba. Alipobanwa jasho lilimtoka.

"Sawa, niliingia. Nilikwenda kuiba risasi."

Kalamu ya Mama Moto ilisimama. "Risasi?"

"Ya kuunganishia nyaya, mama! Si ya bunduki!" Alitoa mfukoni kipande cha urefu wa shubiri. "Imeniishia, na Fundi ananinunia. Mwalimu simpendi, kweli, ananipita kwenye kona huku anapiga mluzi! Lakini nataka nimshinde, nikimchoma nitamshinda nani?"

Saa tano na robo aliingia ofisini kwa Mwenyekiti. Rafuni redio ilikuwa ikipiga kelele za mpira. Ilikuwa na spika mbili, moja kila upande, lakini sauti ilitoka kushoto peke yake. Mama Moto alilazimika kuhamia upande wa pili ndipo asikie anachoambiwa.

"Punguza hicho kitu, bwana. Wenye ufunguo wa karakana ni nani?"

"Mimi na Fundi. Asubuhi mlango huwa wazi kwa wote. Lakini mimi, mama, pasi ya risasi sijaishika mwaka mzima. Yule mtoto kiburi kimemzidi. Kila kitu marufuku, marufuku! Klabu imekuwa kituo cha polisi."

Mama Moto alitoka bila kuaga. Zilibaki dakika thelathini na tano.

Saa tano na dakika arobaini aliweka zile plagi mbili mpya mezani karakanani, akawaita mmoja mmoja. Kila aliyeingia alimwambia maneno mawili tu: "Nipe dume."

Fundi alimpa ya pini. Mwalimu, kwa mkono wa kushoto, ya pini. Turbo alisoma ukuta kwa sauti ya mtoto wa chekechea, akampa ya pini.

Mwenyekiti aliingia wa mwisho. Aliutazama ukuta kwa dharau, akachukua ya matundu.

"Hili hapa. Kinachoingia ndicho dume, hilo halihitaji shule. Huyo mtoto na aandike ukutani apendavyo."

Mama Moto aliwaita wote warudi ndani. Akaiweka adapta iliyoungua katikati ya meza.

"Plagi hii ina pini. Aliyeitengeneza ameibandika JIKE, ili Mwalimu asipotee. Kati yenu ninyi wanne, ni mmoja tu anayeita pini jike."

"Mtu yeyote anaweza kukosea neno!"

"Kweli kabisa. Neno halitoshi. Turbo, lete redio ya ofisini."

Redio ikaletwa. Mama Moto akaigeuza spika ya kulia. Mgongoni zilichomoza ncha mbili zilizokatwa kwa koleo, nyeusi na nyekundu. Nyekundu ilikuwa na mstari mweupe. Akazilaza kando ya adapta.

Mwenyekiti alivua kofia.

"Nilitengeneza jana," alisema. "Mwalimu alikuwa ananung'unika kwamba klabu yangu haimwachi akimbie. Waya mnene sikuwa nao. Nikasema, mizunguko mitano tu, utastahimili. Nikaiacha kwenye droo, ikimaliza salama nimwambie huyu: umeona? Dunia haisimami kwa plagi moja."

"Na ilipowaka?" aliuliza Fundi. "Ilipowaka, Mjomba?"

"Niliogopa. Mimi ndiye Mwenyekiti."

"Na mimi? Ungeninyang'anya ufunguo?"

"Ningekurudishia baada ya mwezi mmoja, miwili."

"Nilijua kikaratasi ni chako! Nimekiona tangu kwenye ndoo! Nikanyamaza, nikasema mjomba wangu atasema mwenyewe. Nimekupa saa mbili na nusu, Mjomba!"

Mwalimu aliinua bendeji yake. "Mkono huu naandikia, Mwenyekiti. Mimi nikikosea hesabu ubaoni nilikuwa nafuta mbele ya darasa zima. Sikumchapa aliyekaa dawati la mbele."

Mwenyekiti aliutoa ufunguo wake mfukoni, akauweka kwenye kiganja cha mpwa wake. Saa ya ukutani iligonga sita. Mama Moto alifungua fomu, akashusha pumzi ndefu.

"Chanzo cha moto: waya mwembamba, adapta isiyofaa. Iliunganishwa kwenye betri kwa plagi… jamani, niandike dume au jike?"

"Kwa kweli ukiangalia plastiki…" alianza Mwenyekiti.

"Mjomba!"

Fundi alimtupia kalamu nene. Mwenyekiti aliidaka, akausogelea ukuta, shingo imemwiva kwa aibu. Kisha, chini ya kanuni ya mtoto wa dada yake, kwa herufi zilezile za kikaratasi, akaandika: CHUMA.