Mnanaa wa Bibi Zhor

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Ghizlane alifungua dirisha la jikoni ili mnanaa wa bibi yake upate hewa. Ulikuwa ndani ya kopo kuukuu la mafuta, na umri wake ulizidi ule wa baba yake Ghizlane. Bibi Zhor alikuja nao mjini Meknes siku alipoolewa. Alipokwenda mji wa Oujda kumuuguza dada yake kwa wiki tatu, hakumkabidhi mtu mzima yeyote mmea huo; alimkabidhi Ghizlane, mwenye miaka kumi na miwili. Siku hiyo msichana alitembea kifua mbele mtaa mzima.

Lakini mnanaa ulikuwa umezeeka. Mashina yalikuwa magumu kama kuni, majani haba. Ghizlane akaona unahitaji nguvu, akawa anaumwagia chai tamu iliyobaki kwenye birika kila jioni. Wiki ya pili sisimizi wakahamia, udongo ukanuka, majani yakanyauka.

"Umeuua!" akacheka kaka yake, Anas. "Nunua fungu sokoni uchomeke humo. Bibi mwenyewe haoni vizuri."

Ghizlane akanunua, akachomeka. Ukapendeza kweli. Ila Bibi aliporudi na kuinama aunuse, msichana akaropoka.

"Bibi, huo siyo wenyewe! Wako niliunywesha chai, umeharibika."

Bibi akavuta shina moja. Likatoka bila mzizi.

"Chai? Yenye sukari?"

"Tena nyingi."

Bibi akacheka hadi akashika ukuta. "Haya, lete kisu, mwanangu. Tuone umebakiza nini."

Wakapindua kopo. Katikati ya mizizi iliyooza, Ghizlane akapata kipande kimoja kizima, cheupe, urefu wa kidole. Wakakata uozo wote, wakakipanda katika udongo mpya. Tangu hapo Ghizlane hakumwagilia kabla ya kugusa udongo, na alitumia maji matupu. Siku ya kumi na moja chipukizi likatokeza, naye akapiga kelele nyumba nzima ikasikia.

Baada ya miezi miwili, Ijumaa, Bibi aliwamiminia wageni chai. "Mnanaa huu ni wa mjukuu wangu," akatangaza. Ghizlane alijivuna waziwazi.

Wageni walipoondoka, Bibi akamshika bega. "Kuukosea mmea si ajabu, hata mimi nimekosea mara nyingi. Lakini ungenyamaza siku ile, kile kimzizi kingeozea chini ya majani ya sokoni. Tumekipata kwa sababu ulisema kweli mapema."