Mluzi wa Babu

Kila asubuhi, kabla chai haijachemka, Babu alisimama uani akapiga mluzi mmoja mrefu. Njiwa thelathini na mmoja waliporomoka kutoka paani wakamzunguka miguuni kama watoto waliosikia kengele ya chakula. Mjukuu wake aliwamwagia nafaka, huku akiwasimulia njiwa hao ndoto zake zote za usiku. Alikuwa na miaka kumi na miwili na mdomo usiojua likizo, ndiyo maana Babu alimpa jina la Chiriku.

Kulifagia banda la njiwa kulikuwa kazi ya Babu mwenyewe, na hakumwachia mtu. Banda liliegemea ukuta wa chumba chake, na dirisha la chumba lilifungukia humo bandani. Alipofagia, vumbi la manyoya na kinyesi kikavu lilitanda hadi kitandani.

"Hii ndiyo poda yangu," alitania, akijipangusa mashavu.

Baada ya hapo aliketi barazani na miwani yake ya kukuza, akatengeneza saa za watu. Mkali hakuwa, ila jambo moja lilimkera.

"Mteja akinificha kwamba saa ilianguka majini," alizoea kulalamika, "nitaifungua mara kumi na nisione kitu. Mimi ni fundi, si mpiga ramli!"

Mwaka ule mluzi ukaanza kukatika. Kwanza ulikosa mkia, kisha ukawa pumzi tupu. Kikohozi kikavu kikamganda Babu kama kupe. Alikunywa chupa tatu za dawa ya kikohozi, wapi! Akapimwa kifua kikuu, hakuwa nacho. Kufikia likizo ya shule, alikuwa akitoka chumbani hadi barazani na kupumzika njiani mara mbili. Chiriku alimtazama na moyo ukamuuma.

Zahanati ikawaandikia barua ya kwenda kwa daktari wa mapafu katika hospitali kubwa. Mama alikuwa kazini, kwa hiyo Chiriku ndiye aliyemsindikiza. Walipofika langoni, Babu alimshika bega.

"Mjukuu wangu, humo ndani ukiulizwa habari za njiwa, mdomo utie kufuli. Madaktari hawa watawafukuza wanangu."

"Lakini Babu..."

"Kufuli!"

Daktari alikuwa mama mnene mwenye sauti ya upole. Chiriku alimwamkia, naye akaitikia kwa furaha. Alimbana Babu kidole kwa kibanio cha kupima hewa, akamsikiliza mgongoni, kisha akamwita Chiriku.

"Hebu njoo usikilize, mwanangu."

Chiriku alivaa masikioni kifaa cha daktari cha kusikilizia kifua. Kila Babu alipovuta pumzi, kulisikika *krrrp*, kama mkanda wa kunata wa begi la shule unapobanduliwa.

Babu akapuliza kwenye mrija wa mashine hadi macho yakamtoka. Akapigwa picha za kifua, vipande kwa vipande. Daktari alizitundika kwenye taa, akawaonyesha ukungu mweupe.

"Mzee, mapafu ni kama sponji. Kuta nyembamba kati ya vifuko vya hewa zimevimba, hewa inapita kwa taabu. Zikiachwa hivi zitakakamaa, na zikishakakamaa hazirudi. Magonjwa ya namna hii ni mengi, kila mmoja una sababu yake. Unavuta sigara?"

"Sijawahi."

"Kuna mashine za vumbi kazini kwako?"

"Natengeneza saa."

"Nyumbani mnafuga kuku, njiwa, ndege wowote?"

Babu aliangalia dari. "Hatufugi."

Daktari akakuna kichwa. "Basi huenda tukalazimika kukukata kipande kidogo cha pafu, tukichunguze."

 Chiriku akakumbuka miezi miwili iliyopita, Babu alipokwenda kwa shangazi kwa majuma mawili. Kule kikohozi kilitulia, na mluzi ukaanza kurudi. Aliporejea nyumbani na kufagia banda, jioni ile ile alikohoa hadi akashika ukuta. Alijua kwamba akisema atamuudhi Babu. Alijua pia kwamba akinyamaza anaweza kumkosa kabisa.

"Babu," akasema, "saa ilianguka majini."

 Daktari hakuelewa, ila Babu alielewa vizuri mno. Chiriku akafungua kufuli, na maneno yakamwagika yote: njiwa thelathini na mmoja, dirisha, poda, safari ya kwa shangazi. Machozi yalimtoka huku anasema.

Babu aliinamisha kichwa. Kisha akaanza kucheka, akacheka hadi akakohoa.

"Daktari, nilimpa jina mwenyewe. Nimlaumu nani?"

Kipimo cha damu na picha zile vilithibitisha: mwili wa Babu ulikuwa ukipigana na vumbi la njiwa, na uwanja wa vita ulikuwa mapafuni. Hakukatwa. Alipewa vidonge vya kutuliza uvimbe, vya kumeza kwa masharti na kupunguzwa taratibu, na agizo moja zito: asikae tena na njiwa.

Fundi baiskeli wa mtaa wa pili aliwachukua wote kwa vikapu. Asubuhi iliyofuata, Mama alifungua mlango na kuwakuta paani, thelathini na mmoja kamili!

"Hawa wana akili kuliko aliyewabeba," Mama alisema, na Babu mwenyewe akavunjika mbavu kwa kicheko.

Safari ya pili fundi aliwafungia majuma sita, wakazoea. Babu naye akahamia kwa shangazi hadi watu waliojifunika pua na mdomo walipolilowanisha banda, wakalibomoa, wakaosha chumba chake na kukipaka rangi.

Mwezi wa nne tangu aanze dawa, Babu alipuliza tena ule mrija, na daktari akapiga makofi. Kovu dogo lilibaki mapafuni, lakini pumzi ilikuwa imerudi.

Siku ile ile, kijana mmoja alileta saa barazani. "Imesimama tu yenyewe, Babu."

"Haikuanguka majini?"

"Hata kidogo!"

Babu alimtazama Chiriku, Chiriku akatazama dari. Wote wawili wakaangua kicheko.

"Kaa, mwanangu," Babu akamwambia kijana. "Mimi nilimficha daktari ukweli, nikakaribia kuipoteza roho yangu kwa kuwapenda njiwa. Aliyeniponya kwanza ni mtoto huyu, maana dawa haijui njia mpaka ukweli uitangulie. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Haya, sema."

Kijana akajikuna shingo. "Ilianguka kwenye ndoo ya kufulia."

"Ahaa! Sasa itapona."

Babu akavaa miwani, akaifungua ile saa, na huku akifanya kazi akapiga mluzi mrefu, wenye mkia wake wote.